Tundu Katika Ukuta wa Nyumba ya Mapadre



Wapendwa waamini, na ninyi nyote mnaotusoma kila juma mkiwa mbali na parokia, juma hili tunaomba mtuvumilie tuwaletee habari ya nyumba. Wengi wenu mmetuuliza baada ya Misa kwa nini nyumba ya mapadre imezungukwa na ngazi, kwa nini pana rundo la matofali barazani, na kwa nini fundi anagonga kuta huku ametega sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Yupo hata aliyenong'ona kwamba tunatafuta rupia za Wajerumani. Tunasikitika kumkatisha tamaa. Tulikuwa tunatafuta njia ya hewa, na sababu iliyotufanya tuitafute inatuaibisha, ndiyo maana tumekawia kuieleza.

Nyumba yenyewe mnaifahamu. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye kuta nene na baraza ndefu, iliyojengwa na Mapadre Weupe, na wazee husema ilikuwapo kabla ya Vita Kuu ya Pili. Shirika hilo lilianzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, na wamisionari wake wa kwanza waliingia Ujiji mwezi Januari 1879, baada ya safari ndefu ya miguu kutoka Pwani. Ujiji iko kando ya ziwa, na kando ya ziwa kuna joto. Huku Buha kwenye vilima mambo ni mengine. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200, na vipo vilima vinavyopita hapo kwa mbali. Mgeni anayetoka Kigoma mjini jioni ya mwezi wa Juni akiwa na shati la mikono mifupi hujifunza jiografia hiyo kabla hajashuka kwenye basi. Basi waliojenga nyumba hii walijenga wakiwa na baridi mawazoni, nasi tulioirithi tulilisahau jambo hilo.

Katika nyumba hii kulikuwa na vitu vinne ambavyo kila padri aliyepita aliviona na hakuna aliyeuliza maana yake. Juu ya paa kuna mnara mdogo wa matofali, wa mraba, ambao chini yake hapakuwa na moto wowote, kwa sababu jiko letu liko nje, nyuma ya nyumba. Sebuleni, chini ya plasta, kulikuwa na alama ya tao, kama mlango mfupi uliojengewa. Katika chumba cha kulala cha upande wa mashariki, juu karibu na dari, kulikuwa na tundu lenye wavu wa chuma. Na nje, nyuma ya maua ya baraza, chini kabisa katika msingi, kulikuwa na tundu jingine la upana wa tofali moja.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wapo waliosema lile tundu la juu lilikuwa la kusikilizia maongezi ya wageni. Wengine walisema chini ya sakafu kuna chumba cha kuhifadhia divai. Vijana wawili walikuja usiku mmoja na kifaa cha kutafutia madini wakatuomba tugawane nusu kwa nusu. Tuliwaeleza kwamba Wajerumani waliiacha Kigoma mwaka 1916 Wabelgiji walipoingia, na kwamba nyumba hii ilijengwa miaka mingi baada ya hapo. Waliondoka bila kuridhika. Lakini hata sisi tuliowacheka hatukuwa na maelezo bora kuliko yao.

Tena sisi tulifanya baya zaidi ya kutokujua. Miaka kadhaa iliyopita, tulipobadilisha paa na kuweka mabati mapya, tuliamua kumaliza kero zote kwa mara moja. Katika mnara wa juu walikuwamo nyuki, na kabla yao popo. Katika tundu la chini aliwahi kuonekana nyoka. Tukaufunika mnara kwa bati, tukalijaza tundu la chini saruji, na lile la chumbani tukalisokomeza matambara kisha tukalipiga plasta. Tukaweka dari mpya na madirisha mapya ya vioo yanayofunga barabara. Tulipomaliza tulikaa barazani tukajisifu kwamba sasa nyumba imekuwa ya kisasa.

Hayo ndiyo tuliyoyafanya. Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Mwezi Julai tulimpokea frateri aliyetumwa kwetu kwa mwaka wake wa kichungaji. Ni kijana wa Dar es Salaam, aliyekulia mahali ambapo watu hulala madirisha wazi wakipepewa. Usiku wa pili alitujia kwa haya akasema hapati usingizi kwa baridi. Tulimpa blanketi la pili. Usiku wa tatu palikuwa na upepo, nasi wenyewe ndio tuliomwambia mpishi ampelekee chumbani jiko la mkaa. Tunarudia: ni sisi tuliosema hivyo. Mkaa ulikuwa umekolea vizuri, mwekundu, hauna hata uzi mmoja wa moshi, na tulimhakikishia kwamba mkaa usio na moshi hauna madhara. Alifunga dirisha, akafunga mlango, akalala.

Asubuhi hakuja kwenye Misa. Mpishi wetu alibisha mlango mara tatu, kisha hakusubiri tena ushauri wa mtu, akazunguka nje akavunja kioo kwa mpini wa shoka, akaingia. Frateri alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango. Alikuwa ametapika, na alipoitwa alifumbua macho bila kutufahamu. Sisi tulidhani ni malaria imepanda kichwani, na tukaanza kutafuta dawa. Mpishi alimburuta mpaka barazani kwenye hewa, na huenda hilo ndilo lililomwokoa. Hospitalini, mganga aliyempokea hakuanza kwa kuuliza habari za homa. Aliuliza, "Je, alilala na jiko?" Tukasema ndiyo. Wakamwekea oksijeni.

Kwa neema ya Mungu alipona. Kichwa kilimuuma karibu juma zima, kisha akarudi katika kazi zake. Lakini kwa siku kadhaa hatukuweza kula pamoja naye bila kuinamisha macho.

Yafaa kueleza kilichompata, maana tumegundua kwamba hata watu wasomi hawakijui. Mkaa unapoungua mahali penye hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haikerehi koo. Inapovutwa huingia katika damu na kushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata mwili unakosa oksijeni ingawa mtu anaendelea kuvuta pumzi. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na kwa kuwa dalili hizo tumezizoea katika malaria, tunamlaza mgonjwa palepale penye sumu. Aliyelala usingizi huenda asiamke kabisa. Moshi wa kuni hutuonya kwa kutuliza machozi. Mkaa uliokolea hautoi onyo hilo.

Baada ya kurudi hospitalini tulimwita fundi mwashi aje aweke kioo. Ni mtu wa maneno machache. Aliweka kioo, akasimama katikati ya chumba, akatazama dari, akatazama mlango, kisha akasema, "Baba Paroko, naomba kuuliza. Waliojenga nyumba hii walikuwa wanapumua kwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tukamwonyesha mahali tulipopiga plasta. Naye akatutazama kwa namna ambayo tulistahili kutazamwa.

Ndivyo upekuzi ulivyoanza. Kwanza tulipima. Tulichukua urefu wa sebule kwa ndani, na urefu wa chumba cha mashariki kwa ndani, tukajumlisha na unene wa kuta tunaoujua, tukalinganisha na urefu wa nyumba kwa nje. Zilipungua karibu futi tatu. Futi tatu za nyumba zilikuwa mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuingia. Kisha fundi akagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, kipande kwa kipande, huku akiweka alama ya chaki kila mahali sauti ilipobadilika kutoka nzito kuwa tupu. Jioni ile ukuta wa sebule ulikuwa na mchoro kama wa shina la mti, pana chini na jembamba juu, likielekea paani.

Siku iliyofuata tuliliondoa bati kwenye mnara. Nyuki walikuwa bado wamo, maana walikuwa wamepata upenyo pembeni mwa bati. Tulimwita mfugaji nyuki, akaja usiku, akawahamishia katika mzinga wake bila kuwaua, na asali kidogo tukagawana. Mnara ulipokuwa wazi, fundi alifunga tochi kwenye kamba akaishusha taratibu. Sisi tulikuwa sebuleni, tumezima taa na kufunga mapazia, tukingoja. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha katika ukingo wa lile tao, palipokuwa na ufa mwembamba wa plasta, ukatokea mstari wa mwanga. Frateri, aliyekuwa amekaa kitini na blanketi mabegani, ndiye aliyeuona wa kwanza.

Tuliufungua ukuta. Ndani yake mlikuwa na meko ya kuotea moto, meusi kwa masizi, yenye bamba la chuma nyuma yake. Mnara wa paani ni dohani ya meko hayo. Tukalizibua tundu la nje kwa patasi, tukaingiza fito ndefu ya mwanzi, na ncha yake ikagonga chuma: ilikuwa imefika nyuma ya bamba lile. Tukalizibua na tundu la juu chumbani, tukashusha jiwe dogo kwa uzi, nalo likatua palepale nyuma ya bamba. Sasa njia nzima ilieleweka. Hewa safi iliingia kutoka nje kwa tundu la msingi, ikapita nyuma ya bamba lililopashwa na moto, ikawa ya moto, ikapanda kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi, ikatokea chumbani karibu na dari. Moshi nao ulikwenda zake kwa dohani. Njia hizi mbili zilipanda bega kwa bega ndani ya ukuta mmoja, zikitenganishwa na unene wa tofali moja, na hazikukutana popote.

Lakini lilibaki swali moja ambalo fundi hakuweza kulijibu kwa nyundo. Nyumba ina vyumba vinne vya kulala. Kwa nini waliojenga walijisumbua kwa chumba kimoja tu?

Mtu mmoja tu aliyebaki hai aliweza kutujibu. Katika miaka ya hamsini alikuwa kijana wa jikoni katika nyumba hii. Sasa amepita miaka themanini na anaishi Kibondo kwa binti yake. Tulisafiri siku ya Jumatatu, tukapita Makere, tukavuka mto Malagarasi, tukamkuta ameketi juani mbele ya nyumba, amejifunika koti zito. Tulimwamkia shikamoo, naye akatujibu, kisha akatuuliza habari za kila mtu aliyewahi kumjua katika parokia, na wengi wao tulilazimika kumwambia kwamba wametangulia. Tulipomweleza habari ya tundu alicheka kwa furaha. Tulipomweleza kwamba tulikuwa tumeliziba, aliacha kucheka.

"Kile ni chumba cha mgonjwa," alisema. "Mtu akishikwa na homa, akawa anatetemeka, alilazwa pale. Padri, katekista, hata mtoto wa bweni. Moto uliwaka sebuleni, na mgonjwa alipata joto bila kuvuta moshi. Bruda aliyejenga hakuwahi kulala humo hata siku moja. Yeye chumba chake kilikuwa cha mwisho kule, upande wa upepo."

Tuliuliza kama kuna jambo jingine tunalopaswa kulijua. Mzee alituambia mawili. La kwanza, dohani ikiwa baridi moshi haupandi, unarudi chumbani. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kuni, washeni konzi moja ya majani makavu juu kabisa mdomoni mwa dohani, ipate joto, ndipo itavuta. La pili alilisema polepole zaidi. Kila mwaka, kabla ya baridi ya Juni, bruda alichoma majani mabichi katika meko ili watoke moshi mwingi, na kijana wa jikoni alisimama katika chumba cha mgonjwa, mlango umefungwa, pua yake karibu na wavu. Akisikia harufu ya moshi, basi ukuta kati ya njia mbili una ufa, na hakuna ruhusa ya kuwasha moto mpaka dohani izibwe nyufa kwa chokaa.

"Kazi yangu ilikuwa kunusa," alisema mzee. "Nilinusa miaka sita."

Ndugu wapendwa, tuliporudi tulifanya kama alivyoagiza. Fundi alichoma majani mabichi. Frateri aliomba asimame yeye chumbani, nasi hatukuwa na haki ya kumkatalia. Hazikupita dakika tano akatoka nje akikohoa. Moshi ulikuwa ukipenya wavuni. Mahali fulani ndani ya ukuta ule, kwa miaka yote ambayo hakuna aliyenusa, chokaa ilikuwa imekauka na kuanguka.

Tafadhali pimeni jambo hilo. Sisi tulikuwa tumekwisha kuanza kupanga kuwasha meko. Tulikuwa tumeleta hata kuni. Kama tungefuata furaha yetu ya uvumbuzi bila kwanza kwenda Kibondo, tungemlaza mgonjwa wa kwanza katika chumba kile, na ile njia iliyojengwa kwa kumhurumia ingemletea sumu ileile ya jiko la mkaa. Kwanza tulikosea kwa kuziba bila kuuliza, na tulikuwa karibu kukosea tena kwa kuzibua bila kuuliza. Nyundo na kamba vilitufundisha hewa inapita wapi. Kanuni ya kuitunza njia hiyo haikuwa imeandikwa ukutani. Ilikuwa katika kumbukumbu ya mtu aliyekuwa kijana wa jikoni, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtembelea.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya, hayatuhusu. Ni kweli kwamba wamonaki wa kale walihitaji joto kuliko sisi. Katika maktaba ya Mtakatifu Gallo, huko Uswisi, umehifadhiwa mchoro wa monasteri uliochorwa karibu mwaka 820, na ndani yake mna chumba cha wamonaki kinachopashwa joto kwa tanuri lililo nje ya ukuta, na mahali pa kutokea moshi pameonyeshwa peke yake. Watu hao walikwisha kujua kwamba joto liingie na moshi usiingie. Lakini hata bibi zetu wa Buha walijua jambo lao. Katika nyumba ya msonge moto uliwaka katikati, juu ya mafiga matatu, na moshi ulipenya kidogo kidogo kwenye nyasi za paa, ukaikausha nyasi na kufukuza wadudu. Nyumba ile ilipumua kila upande. Hatusemi moshi ule ulikuwa mzuri kwa macho na mapafu ya akina mama, haukuwa. Tunasema kwamba tulipohamia katika nyumba za mabati, saruji na vioo, tulichukua moto wetu wa zamani tukaingia nao, na tukaacha nje matundu yaliyokuwa yakituokoa.

Na kama mnataka mfano wa karibu zaidi, mwaka juzi au mwaka wowote mtakapoulizwa na watoto, wakumbusheni jioni ya tarehe 8 Mei 2025. Dunia nzima ilikuwa ikitazama bomba moja la moshi juu ya paa la Kikanisa cha Sisto. Ndani, miongoni mwa makardinali, alikuwamo Protase Kardinali Rugambwa, Askofu Mkuu wa Tabora, ambaye tangu mwaka 2008 hadi 2012 alikuwa askofu wetu hapa Kigoma. Majiko yanayowashwa pale ni mawili: moja limetumika tangu mwaka 1939 kuchoma kura, na la pili liliongezwa mwaka 2005 kwa ajili ya kutoa rangi ya moshi. Bomba lao hupashwa joto kwanza kwa umeme, kwa sababu ileile aliyotueleza mzee wetu wa Kibondo: bomba baridi haliuvuti moshi. Moshi ulipotoka mweupe, saa moja na dakika chache jioni kwa saa zetu, tukampata Papa Leo XIV. Tulipiga kengele pamoja nanyi usiku ule, chini ya dohani yetu wenyewe iliyofunikwa bati, bila kuinua macho.

Mtakumbuka habari ya Isaka katika kitabu cha Mwanzo. Visima alivyochimba baba yake Abrahamu vilikuwa vimefukiwa udongo na Wafilisti, naye Isaka akavichimba upya, akavirudishia majina yaleyale aliyovipa baba yake. Mara nyingi tumeihubiri habari hiyo tukijiweka upande wa Isaka. Mwaka huu tumejikuta upande wa waliofukia, tena bila hata uadui wowote, kwa nia njema kabisa ya kuzuia popo na nyoka. Tunadhani visima vingi hufukiwa kwa njia hiyo. Na ili kulirudisha jina la kale, "chumba cha mgonjwa", ilitubidi kumpata mtu aliyelisikia likitamkwa.

Mtauliza tumeamua nini. Kamati ya ujenzi imekaa na imekubali. Meko hayatawashwa mpaka dohani itakapokaguliwa na kuzibwa nyufa zote, kazi ambayo itasubiri fedha, na tunasema wazi kwamba zahanati ya kigango inatangulia. Wakati huo huo matundu yote yatabaki wazi kama njia za hewa. La msingi limewekewa wavu mwembamba wa kuzuia nyoka, na la chumbani wavu wake wa zamani umesafishwa ukarudishwa. Bati la mnara limeinuliwa juu ya matofali manne, mvua isiingie na hewa ipite. Tumenunua mablanketi sita mazito. Nyuma ya mlango wa chumba cha mgonjwa tumebandika karatasi yenye zile kanuni mbili za mzee, kwa maandishi ya wino, pamoja na jina la kazi ya yule anayesimama ndani: mnusaji. Frateri ameandika jina lake wa kwanza chini yake.

Na kwenu, tunaomba mambo matatu. Kwanza, msiingize jiko la mkaa katika chumba cha kulala, hata mkaa ukiwa umekolea, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Tunawaambia hasa mama zetu mnaowapasha joto wazazi na watoto wachanga baada ya kujifungua: mfungeni mtoto kifuani, mfunikeni vizuri, lakini jiko libaki nje. Pili, mtu akiamka na kichwa kizito na kichefuchefu katika chumba kilicholala na moto, mtoeni kwanza kwenye hewa, kisha mpelekeni hospitali na mwambieni mganga kwamba palikuwa na jiko. Tatu, kama katika nyumba yenu, au shambani, au katika desturi za ukoo wenu kuna tundu ambalo hamjui kazi yake, msilizibe juma hili. Nendeni kwanza mkamwamkie mzee mmoja.

Mzee wetu wa Kibondo ameomba tumletee Ekaristi mwezi ujao, nasi tumeahidi kwenda na frateri, maana anataka kumwona yule aliyesikia harufu baada yake. Mwombeeni afya.

Mungu awabariki nyote. Tuonane Dominika ijayo.